Usimwite Mwenzio Bepari Kabla Hujasoma



Maneno makubwa yamejaa midomoni mwetu. Hudhurieni mkutano wowote wa tawi, mtayasikia yakirushwa huku na huku: ubepari, ujamaa, ukabaila, ukoloni mamboleo, demokrasia, mapinduzi, utaifa. Yasemwa kwa sauti kubwa, na mara nyingi yasemwa pamoja na kidole kilichonyoshwa usoni mwa mtu. Lakini mwulizeni msemaji, "Ndugu, neno hilo lina maana gani?" Hapo ndipo mtakapoona macho yakitafuta mlango. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Jambo hili si la kuchekea. Neno lisilojulikana maana haliwezi kumfundisha mtu. Kazi yake huwa ni kumnyamazisha. Mwanachama mwenye kiduka cha sukari na mafuta ya taa asimama kuuliza hesabu ya michango. Kabla hajamaliza, sauti yatoka nyuma: "Kaa chini, bepari wewe!" Watu wacheka, naye akaa, na hesabu ya michango haisomwi. Kijana asimama kuomba kila mtu apewe nafasi ya kusema. Aambiwa kwamba ana mawazo ya kizungu. Mama mmoja auliza kwa nini wanawake hupika katika kila mkutano wala hawaonekani mezani penye maamuzi. Aambiwa kwamba avunja umoja. Hivyo ndivyo maneno ya elimu yanavyogeuzwa kuwa kufuli za vinywa. Chama ambacho wanachama wake hawajui maana ya maneno yao wenyewe kitaongozwa na mwenye sauti kubwa kuliko wote, na mwenye sauti kubwa si lazima awe mwenye akili, wala si lazima awe mwenye haki.

Dawa yake ni nini? Mimi nasema dawa mojawapo iko kabatini, nayo ni vitabu vyetu vya hadithi, tamthilia na mashairi. Najua wako watakaoguna: "Mwalimu, sisi twazungumza siasa, nawe watuletea hadithi?" Naam, nawaletea hadithi. Kitabu cha nadharia chatueleza dawa na sifa zake zote. Hadithi yatuonyesha mgonjwa aliyeinywa, kama alipona, kama alizidiwa, au kama alikufa. Ndani ya hadithi imani ya siasa haisimami jukwaani ikajisifu. Hukaa nyumbani na watu wenye njaa, wenye wivu, wenye watoto na wenye madeni, nasi twaona yenyewe inavyotenda.

Na kwa kusema imani ya siasa nakusudia jambo rahisi. Ni majibu ambayo watu wameyatoa kwa maswali matatu: mali iwe ya nani, amri itoke wapi, na mtu ni kiumbe wa namna gani. Kila mwandishi anayo majibu yake, hata kama hayataji kwa jina. Msomaji asiyeyatafuta majibu hayo huyameza pamoja na hadithi kama mtu amezaye kokwa pamoja na tunda.

NENO BEPARI LILIKOTOKA

Tuanze na neno hili tunalolipenda mno. Bepari ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya pwani. Huko asili yake lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, na hapa kwetu pia mwanzoni lilimtaja tajiri wa biashara, hasa mnunuzi na mwuzaji wa jumla. Halikuwa tusi. Baadaye, siasa ya ujamaa iliposhika nchi, neno likapewa mzigo mpya: mtu anayeishi kwa faida itokayo katika jasho la wengine.

Safari hiyo ya neno yaonekana wazi katika kitabu kimoja. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akaupa jina Mabepari wa Venisi. Mchezo wenyewe uliandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na katika Kiingereza jina lake lamtaja mfanyabiashara mmoja, yaani Antonio. Mwalimu alifanya mambo mawili. Aliufanya umoja kuwa wingi, na kati ya maneno yote aliyoweza kulitumia kwa mfanyabiashara akachagua mabepari. Kumbukeni kwamba Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili tu kabla, tarehe 5 Februari 1967. Kwa hiyo hata kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, msomaji wa Kiswahili alikwisha kuambiwa awatazame watu hawa kwa jicho gani. Antonio akopeshaye bila riba na Shylock akopeshaye kwa riba wametiwa wote katika gunia moja, naye msomaji aachiwa kazi ya kupima tofauti yao.

Sisemi kwamba Mwalimu alikosea. Nasema kwamba jina la kitabu laweza kubeba imani nzima ya siasa, na mtu asiyejua hayo hatambui kwamba amekwisha kuhutubiwa.

Lakini lipo jambo la pili katika mchezo huo, na hili ndilo linalotuhusu zaidi. Antonio ataka kumsaidia rafiki yake, akopa kwa Shylock dukati 3,000, na dhamana ya deni ni ratili ya nyama ya mwili wake. Msomaji wa haraka atasema, "Tazama bepari alivyo mkatili!" Asome tena polepole. Shylock ni Myahudi, na kabla ya deni hilo alikuwa akitukanwa na kutemewa mate na Antonio huyo huyo kwa dini yake na kwa kazi yake. Mwisho wa kesi anyang'anywa mali, tena alazimishwa kuiacha dini yake. Basi ndani ya hadithi ya fedha imo hadithi ya ubaguzi, na wale wanaompinga mtoza riba wengi wao wamchukia kwa kabila lake kuliko kwa riba yake.

Je, kwetu halijatokea jambo kama hilo? Mara ngapi neno bepari limetupiwa mtu kwa sababu ya rangi au dini yake, bila mtupaji kujua mtu huyo anamiliki nini wala ameajiri nani? Februari 1967, siku chache baada ya Azimio, Mwalimu aliona haja ya kuandika katika gazeti la The Nationalist kuwaonya wananchi kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi havikai nyumba moja. Onyo hilo halikuandikwa bure. Ubepari ni mpango wa kumiliki na kuzalisha mali. Haukai katika rangi ya mtu wala katika jina la baba yake, wala hauanzi kwa mtu kuwa na kiduka cha mafuta ya taa.

UGONJWA MMOJA, WAGANGA WATATU

Sasa chukueni ugonjwa mmoja, nao ni dhuluma, mwone jinsi waandishi watatu walivyoutafutia dawa tatu mbalimbali.

Mganga wa kwanza ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, nchi ikiwa bado mikononi mwa Waingereza, naye mwandishi alikuwa karani katika utumishi wa serikali. Hakuweza kuitaja serikali ile kwa jina, akabuni nchi iliyo angani. Huko Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno. Kosa lake ni lipi? Ameanza kuwafundisha watu elimu ya sheria! Karama hashiki mkuki. Asimama mbele ya mfalme na baraza lake, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mambo mema ya kuitengeneza nchi, na shukrani waliyopewa ikawa ni kifungo. Mwisho Karama aachiliwa na wafungwa wafunguliwa.

Hapa imani ni kwamba kila mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, kwamba sheria iwe juu ya hasira ya mkubwa, na kwamba neno la kweli likisemwa kwa adabu na ushujaa laweza kuigeuza nchi. Lakini angalieni vizuri: mfalme abaki mfalme. Shaaban Robert hakutaka kiti kivunjwe, alitaka akaliaye kiti afungwe na sheria. Huo ni msimamo wa siasa ulio wazi kabisa, na wako watu wengi duniani waliojenga vyama vyao juu yake.

Mganga wa pili ni Shafi Adam Shafi wa Zanzibar. Katika Kuli, kitabu kilichotoka mwaka 1979, atupeleka bandarini kwa wachukuzi wa mizigo na mgomo wao mkubwa wa mwaka 1948. Kijana Rashidi aingia katika kazi ile ile iliyomla baba yake. Humu hamna mfalme wa kuongoka moyo. Kampuni haibadiliki kwa hotuba nzuri, kwa maana faida yake yatoka katika mgongo wa kuli, na kumwomba aiache faida hiyo ni sawa na kumwomba simba ale majani. Linaloweza kuisogeza kampuni ni jambo moja tu, nalo ni wafanyakazi kushikamana na kuiacha mizigo pale ilipo. Hii ndiyo imani iliyofundishwa na Karl Marx: jamii imegawanyika katika matabaka, masilahi yao yagongana, na aliye chini hataokolewa na huruma ya aliye juu.

Mwekeni Karama kando ya Rashidi, mtaona jambo ambalo mihadhara kumi haiwezi kuwaeleza. Karama asimama peke yake na nguvu yake ni hoja. Rashidi peke yake si kitu, nguvu yake ni wenzake. Wote wawili wapinga dhuluma, lakini ukiwatia katika kamati moja watabishana mpaka alfajiri.

Na hapo pana funzo jingine. Wengi wetu husema "mjamaa" kana kwamba wajamaa wote ni wamoja. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu msingi wa ujamaa, Mwalimu alieleza kwamba ujamaa, kama demokrasia, ni tabia ya moyo, na kwamba msingi wake katika Afrika ni jamaa, ile familia pana ambamo kila mtu alikuwa mfanyakazi na kila mtu alikuwa na hifadhi. Hakuujenga juu ya vita vya matabaka. Alisema jamii zetu za asili hazikuwa na matabaka ya namna ile. Mfuasi wa Marx hakubali. Atawaonyesha mtumwa na mwinyi wa shamba la mikarafuu, awaulize, "Hawa nao walikuwa jamaa?" Ugomvi huo ni wa kweli na una uzito. Asiyeujua atadhani Kuli na hotuba za Mwalimu zasema jambo moja.

Mganga wa tatu ni Ebrahim Hussein. Tamthilia yake Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, nayo yahusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, lakini vita viliendelea, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Mwandishi angeweza kutuandikia wimbo wa sifa tu, tukapiga makofi tukaenda zetu. Yeye alichagua njia ngumu zaidi. Kinjeketile wake awapa watu maji, na kwa maji hayo makabila yaliyokuwa yakidharauliana yapata kuwa kitu kimoja. Kisha yeye mwenyewe aanza kuwa na shaka. Je, maji yatazuia risasi kweli? Na kama hayazuii, je, ule umoja uliozaliwa nayo ni wa uongo pia? Mwishoni, akiwa kifungoni, atakiwa aseme kwamba maji ni uongo, naye akataa, kwa maana ameona kwamba wakubwa wa Kijerumani watalitumia neno lake kuwaambia watoto kuwa babu zao walikosea kupigania nchi yao.

Hiyo ndiyo imani ya utaifa, na mwandishi ametuonyesha nguvu yake na hatari yake katika mchezo mmoja. Nguvu yake ni kwamba yaweza kuwakusanya waliotawanyika. Hatari yake ni kwamba watu waweza kupelekwa mbele ya bunduki kwa ahadi ambayo hata mtoaji wake haijui ukweli wake. Kila kiongozi wa Chama anayetoa ahadi jukwaani angepaswa kuisoma tamthilia hii kabla hajashika kipaza sauti.

VITABU VINAVYOTUKERA TUVISOME PIA

Nimesikia mara nyingi kwamba mwanachama asome vitabu vya upande wetu tu. Shauri hilo silikubali hata kidogo. Mtu asiyesikia hoja ya mpinzani wake hawezi kuijibu. Tena mara nyingine yule tunayemdhani mpinzani ni jamaa yetu asemaye ukweli mchungu.

Mfano mkubwa ni Shamba la Wanyama. George Orwell alikitoa kitabu hicho Uingereza mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akakileta katika Kiswahili mwaka 1967. Wanyama wamfukuza mwenye shamba, waandika amri saba ukutani, waapa kwamba wote ni sawa. Polepole nguruwe wajitwalia maziwa, kisha nyumba, kisha kitanda, kisha mjeledi. Na kila wanapovunja amri, mtu huenda ukutani usiku akaibadilisha, na asubuhi wanyama waambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Farasi mchapa kazi, asiyejua kusoma vizuri, aamini kila aambiwalo, ajitwisha kila mzigo, na alipoishiwa nguvu auzwa kwa mchinjaji.

Kuna watu wapungao kitabu hiki hewani wakisema, "Mnaona? Ujamaa haufai!" Na kuna wengine walioamini maneno hayo, wakakichukia kitabu bila kukifungua. Wote wamekosa. Orwell mwenyewe alikuwa mjamaa, alikwenda Hispania akapigana na kujeruhiwa katika vita vya mwaka 1936 hadi 1939 upande wa Jamhuri, na mwaka 1946 aliandika waziwazi kwamba kazi yake yote ya dhati tangu 1936 ilikuwa ya kupinga udikteta na kuutetea ujamaa wa kidemokrasia. Alimwandikia Stalin, hakumwandikia mkulima. Swali lake si kama wanyama walifanya vibaya kumfukuza mwenye shamba. Swali lake ni hili: baada ya kumfukuza, nani alilinda ukuta?

Na sisi tunao ukuta wetu. Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliokuja kujulikana kama Azimio la Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Wako wanaosema ilikuwa lazima kwa kuwa dunia ilibadilika, wako wanaosema huo ndio uliokuwa mwanzo wa maradhi. Wote na waseme, na hoja zao zipimwe. Lakini aliyesoma habari za ukuta ule hatasahau kuuliza: nani alibadili maandishi, lini, na je, wanyama waliitwa kwanza?

Euphrase Kezilahabi naye amewakera wengi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa wakati fulani. Katika Kichwamaji ya mwaka 1974 yumo kijana Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ana elimu, lakini haoni maana ya maisha, na mwisho ajiua. Falsafa iliyomo humo wataalamu wetu huiita udhanaishi. Yasema kwamba mtu amejikuta duniani bila ramani, hakuna aliyemwandikia maana ya maisha yake, hapana budi aitafute mwenyewe. Msidhani hiyo ni falsafa ya wakata tamaa peke yao. Jean-Paul Sartre wa Ufaransa, mmoja wa walimu wake wakubwa, ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1961 kilichowatetea waliolaaniwa wa dunia dhidi ya wakoloni.

Lakini kitabu cha Kezilahabi ambacho mwanasiasa asikikwepe ni Dunia Uwanja wa Fujo cha mwaka 1975. Tumaini apoteza ujana wake katika anasa, kisha ajirudi, alima, apata shamba kubwa na utajiri. Siasa ya ujamaa yafika, na shamba latakiwa liwe mali ya umma. Tumaini amwua kiongozi kwa bunduki, naye ahukumiwa kunyongwa. Wasomaji wengi walikumbuka kisa cha kweli cha Isimani, mkoani Iringa, ambako tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dokta Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima. Kezilahabi hatuambii tumshangilie Tumaini, wala hatuambii tumzomee. Atuuliza swali ambalo mikutano yetu hulikimbia: mtu aliyetoa jasho lake shambani, akaamini kwamba jasho hilo ndilo uhai wake, mtamwambia nini siku mnapokuja kulichukua kwa jina la wote? Mwaka 1979, baada ya watu kuhamishiwa vijijini kwa nguvu katika operesheni za miaka ya 1970, aliandika Gamba la Nyoka, akaonyesha wanakijiji wanavyosukumwa kuyaacha ya kale. Nyoka hujivua gamba wakati wake ukifika. Ukimchuna kwa kisu hutapata nyoka mpya, utapata mzoga.

Na jirani zetu wa Kenya wametupa fundisho lao. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alitoa karatasi iliyouliza nchi yaelekea wapi. Kwa swali hilo akafungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi kwa siri, yakatoka mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Serikali yaweza kumfunga mwuliza swali, na swali lenyewe likatoka likapewa tuzo.

MASWALI YA KUINGIA NAYO KITABUNI

Msomaji aniulize, "Mimi si mtaalamu wa falsafa, nitaitambuaje imani iliyomo kitabuni?" Ndugu, huhitaji shahada. Ingia na yale maswali matatu niliyoyataja mwanzo, na uongeze moja.

La kwanza, mali ni ya nani humu, na aliipataje? La pili, nani atoa amri, na nani awezaye kumwuliza bila kuumia? La tatu, mwandishi amwona mtu kuwa nini kwanza: kiumbe wa Mungu, raia, mfanyakazi, ndugu wa jamaa, au mpweke mwenye kujitafutia njia? Mshairi wa Al-Inkishafi, alipoyatazama magofu ya Pate karne mbili zilizopita, alimwona mtu kuwa msafiri, na utajiri kuwa kivuli kipitacho. Hiyo nayo ni imani, tena yenye mizizi mirefu pwani yetu kuliko vyama vyote, na mwanasiasa anayeidharau atashangaa kwa nini watu hawamsikilizi.

La nne ni hili: nani hasemi kitu katika kitabu hiki? Mara nyingi mtamkuta ni mwanamke. Penina Muhando alilishika swali hilo katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji wahangaika kuisimamisha nguzo na kila mara yakwama. Yakwama kwa sababu ya waume na mila, na pia kwa sababu ya mafarakano yao wenyewe. Kisomeni, kisha mhesabu wanawake walio katika kamati ya tawi lenu.

KAZI YA TAWI

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo natoa mashauri manne.

Kwanza, kila tawi liwe na jioni moja ya kusoma kwa juma. Nakala moja ya kitabu yatosha, akipatikana msomaji mwenye sauti. Asiyejua kusoma atasikiliza, na hoja yake itakuwa na thamani sawa na ya mwalimu. Pili, baada ya kusoma pawe na mjadala, na yule anayeichukia sana imani iliyomo kitabuni apewe kazi ya kuitetea jioni ile. Atakapoitetea kwa haki ndipo atakapokuwa na ruhusa ya kuipinga. Tatu, mwenyekiti wa mkutano apewe mamlaka ya kumwambia msemaji yeyote, awe mkubwa awe mdogo: "Ndugu, umemwita mwenzio kwa neno hilo, tueleze maana yake, utoe na mfano." Akishindwa, alifute neno lake na mwulizaji ajibiwe swali lake. Nne, vijana wetu walio vyuoni, waendao likizo wakiwa na vitabu mikobani, wapangiwe matawi ya kusomea. Elimu waliyopewa kwa kodi za wazazi wao isiishie katika mitihani.

Wako watakaosema kazi hii yachelewesha mapambano. Mimi nauliza, mapambano ya kwenda wapi? Farasi wa Orwell hakukosa bidii, hakukosa uaminifu, hakuchelewa kazini hata siku moja. Alichokosa ni kuusoma ukuta. Tusiwe na Chama cha farasi. Tuwe na wanachama wanaofanya kazi mchana, na jioni waende ukutani na taa, wayasome maandishi wao wenyewe.